Jumamosi saa tisa alasiri: mwongozo wa kwenda kutazama mechi ya ligi za chini Uingereza

Ukiishi Uingereza utaligundua jambo hili mapema. Jumamosi saa 9 alasiri, mechi nyingi za soka la nchi hii zinapoanza, hakuna runinga humu nchini inayoruhusiwa kuzionyesha. Kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni matangazo ya moja kwa moja ya mpira yamefungwa. Utaratibu huu umeanza miaka ya 1960, na ulikusudiwa kuwazuia watu wasijifungie ndani mbele ya runinga wakaviacha viwanja vidogo vitupu. Saa hiyohiyo ndugu yako aliyeko kibanda umiza Temeke au Kisauni, ambako wakati wa baridi ya huku ni saa 12 jioni, anaiona mechi ya Ligi Kuu tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Wewe uliye maili nne tu kutoka uwanjani huioni.

Runinga imezimwa kwa ajili ya viwanja vidogo. Basi nenda kwenye kiwanja kidogo.

Nawaandikia hasa wenzangu tuliokulia Afrika Mashariki na Kongo tukiujua mpira wa Uingereza kwa kioo. Wengi wetu tumefika huku, tukauliza bei ya tiketi ya timu tuliyoishabikia tangu utotoni, tukaambiwa tulipie uanachama kwanza, kisha tujaribu bahati yetu, kisha tutoe pauni 50 au 60 au zaidi. Tukarudi kwenye kioo. Mlango ulio wazi uko ngazi chache chini, na ukiingia hapo utausikia mpira ukipigwa kabla hujauona.

Unakwenda kuona nini

Ligi Kuu ina timu 20. Chini yake kuna madaraja matatu yenye timu 24 kila moja, na jumla ni timu 92. Zote zilizo chini ya hizo 92 Waingereza huziita Non-League, na hilo ndilo neno la kuandika unapotafuta ratiba. Juu kabisa ya kundi hili ipo National League, halafu National League North na South, halafu ligi nne za ngazi ya tatu: Northern Premier, Southern Premier za Central na South, na Isthmian Premier, ambayo ni ya London na kusini mashariki. Zinaendelea kushuka hadi ligi za wilaya na vijiji, ambako nyavu hufungwa na wachezaji wenyewe.

Ngazi zote hizo zimeshikana kwa kupanda na kushuka daraja. Zamani mlango wa juu ulikuwa mgumu, kwani timu ilipaswa kupigiwa kura na klabu nyingine ndipo ikubaliwe. Wimbledon waliingia hivyo mwaka 1977, na mwaka 1988 wakaifunga Liverpool bao 1-0 katika fainali ya Kombe la FA. Tangu 1987 bingwa wa huku chini anaweza kupanda kwa pointi zake mwenyewe.

Wachezaji nao hupanda. Ian Wright alichukuliwa na Crystal Palace mwaka 1985 akitokea Greenwich Borough. Jamie Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa kijana, akachezea Stocksbridge Park Steels huku akifanya kazi kiwandani, na mwaka 2016 akatwaa ubingwa wa Uingereza na Leicester City. Wetu pia wamo. Yannick Bolasie wa DR Congo alipita Hillingdon Borough, klabu ndogo ya magharibi mwa London. Jonah Ayunga wa Harambee Stars alicheza Dorchester Town na Havant & Waterlooville kabla ya kufika Ligi Kuu ya Scotland. Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar aliyekuwemo kwenye kikosi cha Taifa Stars AFCON ya 2019, alifunga mabao yake katika National League akiwa Barrow na Solihull Moors. Tarryn Allarakhia aliitwa Taifa Stars akiwa mchezaji wa Wealdstone, klabu ambayo unaifikia kwa treni ya chini ya ardhi ukashuka Ruislip Gardens. Msimu huo Mtanzania yeyote wa London angeweza kusimama hatua tano kutoka kwa mchezaji wa timu ya taifa. Sidhani kama wengi walijua.

Kuchagua klabu

Mtu wa mara ya kwanza namshauri asianzie National League yenyewe. Mpira wake ni mzuri, lakini pale mambo yanafanana mno na ya juu: mashabiki wa wageni wametengwa, kiingilio ni pauni 20 hivi au zaidi, na walinzi ni wengi. Asianzie chini kabisa pia, ambako watazamaji ni thelathini na akifika peke yake atajiona mgeni. Ngazi ya tatu na ya nne ndizo tamu. Kuna umati wa kutosha kuimba, na nafasi ya kutosha kutembea ukizunguka uwanja mzima.

Kigezo cha pili ni reli. Chagua uwanja ulio karibu na stesheni, maana siku yako nzima itategemea hilo. Mfano nitakaoutumia hapa ni Dulwich Hamlet, wa kusini mwa London. Uwanja wao, Champion Hill, uko dakika chache tu kwa miguu kutoka stesheni ya East Dulwich, na kutoka London Bridge ni safari ya takriban robo saa. Klabu ilianzishwa 1893, jezi zake ni za waridi na bluu iliyokoza, na tangu iliposhuka mwaka 2023 imekuwa ikicheza Isthmian Premier. Kwenye Olimpiki ya 1948 uwanja wa Champion Hill ulitumika kwa mechi ambayo Korea Kusini waliifunga Mexico 5-3. Jukwaa la sasa ni la 1992.

Kama uko kwingine, mambo hayajaharibika. Walio karibu na Liverpool wana Marine, stesheni ya Blundellsands & Crosby. Hapo ndipo Tottenham walipokuja Januari 2021 kwa mechi ya Kombe la FA, timu mbili zilizotenganishwa na nafasi 161 kwenye ngazi za soka, na kwa kuwa ilikuwa wakati wa korona, majirani waliitazama kutoka bustani za nyumba zao zinazopakana na uwanja. Klabu iliuza zaidi ya tiketi 30,000 za mtandaoni ambazo hazikumwingiza mtu yeyote popote, watu walitoa tu kuisaidia. Walio Manchester wapande tramu hadi Altrincham. Walio Sheffield wana bahati kuliko wote: Sheffield FC, klabu kongwe kuliko zote duniani, iliyoanzishwa 1857, inacheza Dronfield, kituo kimoja cha treni nje ya mji, na Hallam FC wanatumia Sandygate, uwanja ambao umechezewa mpira tangu 1860.

Ratiba, na mtego wake

Msimu huanza Agosti na kumalizika mwisho wa Aprili, kisha hufuata mechi za mchujo za kupanda daraja. Siku kubwa ni Jumamosi saa 9 alasiri. Katikati ya wiki, mara nyingi Jumanne, mechi huanza saa 1:45 usiku. Ratiba utaipata kwenye tovuti ya klabu au ya ligi, na kuna programu ya simu iitwayo Futbology inayokuonyesha mechi zilizo karibu na ulipo, ambayo wanaozunguka viwanja kwa mapenzi huitegemea sana.

Mtego ni huu. Timu za ngazi hii huanza Kombe la FA mapema mno, baadhi yao mwanzoni mwa Agosti, na zina kombe la FA Trophy pia, au FA Vase kwa zilizo chini zaidi. Timu ikishinda raundi ya kombe, mechi yake ya ligi iliyopangwa Jumamosi ya raundi inayofuata huondolewa na kupelekwa Jumanne fulani huko mbele. Kwa hiyo ratiba uliyoiona Julai usiinunulie tiketi ya treni isiyorudishwa pesa. Ithibitishe wiki yenyewe, na uthibitishe kwa kurasa za klabu, si kwa kalenda ya mtu mwingine.

Jumamosi nzuri kuliko zote ni zile ambazo timu za taifa zinacheza na Ligi Kuu imesimama. Kuna siku maalumu inayoitwa Non-League Day, iliyoanza 2010, na huwekwa makusudi kwenye mapumziko kama hayo. Baadhi ya klabu hupunguza kiingilio siku hiyo, na mashabiki wa Arsenal na Chelsea wasio na pa kwenda hujaa huku chini.

Kiingilio

Katika ngazi ya tatu na ya nne, mtu mzima hulipa mara nyingi kati ya pauni 10 na 15. Wazee na wanafunzi hupunguziwa, na watoto huingia kwa pauni chache au bure wakiwa na mzazi. Angalia mtandaoni kabla, kwani bei hubadilika kila msimu. Klabu nyingi zinakuruhusu kulipa getini, lakini Dulwich hupata umati ambao ni mkubwa kwa ligi yao, kwa hiyo nunua mapema. Kadi ya benki inakubalika karibu kila mahali. Hata hivyo chukua sarafu na noti kidogo, maana meza ya bahati nasibu na ndoo ya mchango hazina mashine.

Pesa hiyo ina uzito huku. Klabu ya Ligi Kuu inaishi kwa fedha za runinga. Klabu ya Isthmian inaishi kwa geti, kantini na wafadhili wa mtaani, na mtu anayekuchania tiketi, anayeuza chai, anayetangaza kwenye kipaza sauti na anayepiga chaki mistari ni wa kujitolea. Ukileta familia ya watu watano, umeonekana kwenye hesabu ya siku.

Asubuhi ya mechi

Kabla hujavaa viatu, fungua ukurasa wa klabu kwenye mitandao ya kijamii. Kati ya Novemba na Machi mvua na barafu huahirisha mechi nyingi, hasa kwenye viwanja vya nyasi za asili. Refa huitwa asubuhi kukagua, na tangazo linaweza kutoka saa 4 au hata saa 6 mchana. Ukitoka mbali, uwe na mechi ya pili ya akiba kwenye uwanja wa nyasi bandia, ambao hustahimili maji vizuri zaidi. Tahadhari hii ni ya lazima kwa anayesafiri na watoto.

Kisha kagua treni. Mwisho wa wiki ndipo shirika la reli linapofanya matengenezo, na safari ya robo saa inaweza kugeuka saa nzima ya basi la badala. London kadi ya benki inatosha, gusa unapoingia na unapotoka. Nje ya London, mkiwa watatu au zaidi uliza punguzo la kikundi liitwalo GroupSave, linaloondoa theluthi ya nauli kwenye njia nyingi za kusini. Kadi ya familia ya reli nayo inaondoa theluthi kwa watu wazima na zaidi kwa watoto.

Nguo ni jambo ambalo watu wetu hulidharau. Kusimama saa mbili juu ya zege mwezi wa Januari si sawa na kutembea mjini. Baridi hupanda kutoka chini. Vaa soksi mbili, kiatu chenye soli nene, suruali ya ndani, kofia ya sufu na glavu. Koti la mvua ni bora kuliko mwavuli, kwani mwavuli unawaziba wenzako. Mtoto mpe nguo moja zaidi ya unavyodhani inamtosha.

Waislamu wapange swala kwa msimu. Katikati ya Desemba jua la London linazama kidogo kabla ya saa 10, yaani Magharibi inaingia mapumzikoni. Swali Alasiri kabla ya kuingia uwanjani, na Magharibi uisali mapumziko au mara tu filimbi ya mwisho ikilia, wakati bado upo. Mwishoni mwa Machi hali hugeuka na Alasiri ndiyo inayoingia mechi ikiendelea. Ukimwomba mtu wa klabu kona tulivu ya kuswalia, muulize mapema kabla ya pilikapilika kuanza, naye atakutafutia.

Kufika na kuingia

Lenga kufika saa 8. Ukishuka East Dulwich utawaona watu wenye skafu za waridi na bluu, wafuate. Barabara inayoelekea uwanjani inaitwa Edgar Kail Way, jina la mshambuliaji wa Dulwich aliyechezea timu ya taifa ya Uingereza mwaka 1929 akiwa mchezaji wa ridhaa, asiyelipwa, na kufunga mabao mawili dhidi ya Ufaransa mechi yake ya kwanza. Klabu kubwa zilimtaka, yeye akabaki. Wanamwimba mpaka leo, watu ambao babu zao ndio waliomwona.

Ukishapita getini, nunua jarida la mechi kama wanalo. Ni pauni mbili tatu, lina majina ya wachezaji, msimamo wa ligi, na makala ya mtu anayeipenda klabu hiyo kwa dhati. Pale ambapo jarida la karatasi limekufa, tafuta ubao karibu na geti au kantini, vikosi huandikwa hapo kwa mkono. Atapita mtu na tiketi za bahati nasibu, nusu ya fedha kwa mshindi na nusu kwa klabu. Mwingine atauza tiketi yenye dakika, na dakika ya bao la kwanza ikiangukia yako, umeshinda. Kama imani yako hairuhusu kamari, mwambie hapana kwa upole na utie sarafu kwenye ndoo. Atakushukuru vilevile.

Chakula: chipsi, baga, pai za nyama, na chai. Chai hunywewa kwa maziwa, na sukari unajitilia. Utaona pia watu wanakunywa Bovril, mchuzi mzito wa ng'ombe kwenye kikombe, ambao si halali. Baga nazo usidhani ni halali hadi uulize, na uliza chipsi zimekaangwa kwenye mafuta gani. Mimi hushauri familia zibebe sambusa au vitumbua vyao na kununua chai na chipsi pale, ili kantini nayo ipate kitu. Pombe ipo. Sheria ya 1985 inakataza kunywa huku ukiutazama uwanja kuanzia Ligi Kuu hadi National League, lakini ngazi za chini yake haziguswi, kwa hiyo utaona watu na bilauri zao pembeni ya uzio. Asiyekunywa hasumbuliwi na mtu.

Wapi pa kusimama

Hapa ndipo penye raha yenyewe, na usiiharakie. Usikae jukwaani mara moja. Zunguka. Kwanza simama nyuma ya uzio wa pembeni, mkabala na mabenchi ya makocha. Utasikia kila neno: beki anamwita kipa, kiungo anadai mpira, kocha anamfokea winga aliyesahau kurudi. Kwenye runinga huoni umbali kati ya wachezaji, wala husikii jinsi beki wa kati anavyozungumza na jirani yake. Baada ya dakika ishirini za hapo utaanza kuitazama hata Ligi Kuu kwa jicho jingine.

Kisha nenda nyuma ya goli. Mashabiki wa Dulwich husubiri kuona manahodha wakirusha sarafu, na wakishajua timu yao inashambulia upande upi, hukusanyika nyuma ya goli hilo. Mapumziko yakifika, wote hubeba vikombe vyao na kuhamia goli la pili. Katika ngazi hii mashabiki wa timu mbili kwa kawaida hawatengwi, kwa hiyo makundi yanapishana njiani, wanatupiana maneno ya utani, wanaendelea na safari. Mtu wa Simba na Yanga au wa Gor Mahia na AFC Leopards atashangaa kidogo, kisha atafurahi.

Kiwango cha mpira? Usitegemee pasi thelathini mfululizo. Uwanja ni mzito, upepo unavuma, na wachezaji wengi wana kazi nyingine Jumatatu hadi Ijumaa, wanafanya mazoezi jioni mbili kwa wiki. Utaona mipira mirefu na mieleka mingi ya hewani. Mtafute mchezaji mmoja umfuatilie: kwa kawaida yupo kiungo mwenye miaka thelathini na mitano aliyewahi kuwa juu, ambaye hakimbii sana lakini mpira unamfuata. Yupo pia kijana wa miaka kumi na tisa aliyeletwa kwa mkopo na klabu kubwa, mwenye kasi isiyo ya ligi ile. Wakikutana hao wawili, acha kuongea. Waliolelewa na mpira wa mchangani na Ndondo Cup watajiona nyumbani kabla ya mapumziko.

Watoto waache wasimame kwenye uzio. Mpira ukitoka, wataurudisha wao. Hilo tu linatosha kumfanya mtoto wa miaka minane aulize mechi ijayo ni lini.

Jambo ambalo lazima nilitaje

Wazazi wengi wa Kiafrika huniuliza kama ni salama. Kwa sehemu kubwa sana, ndiyo, na klabu kama Dulwich zimejijengea sifa ya kumkaribisha kila mtu. Lakini ubaguzi upo, na ukaribu unaoufanya mpira huu kuwa mtamu unamfanya mwenye mdomo mchafu asikike pia. Oktoba 2019, kwenye mechi ya kufuzu Kombe la FA kati ya Haringey Borough na Yeovil Town, wachezaji wa Haringey walitoka uwanjani kwa sababu ya matusi ya kibaguzi, na mechi ikarudiwa siku nyingine.

Ukisikia neno kama hilo, usibishane na aliyelitoa. Kumbuka amesimama wapi na amevaa nini, mwendee msimamizi mwenye fulana ya rangi kali, mweleze palepale, na umtake ajulishe viongozi wa klabu. Baadaye ripoti kwa shirika la Kick It Out, wana fomu ya mtandaoni. Klabu ndogo hujua majina ya mashabiki wake, na kwa sababu hiyo huweza kuchukua hatua haraka kama taarifa imetolewa saa ileile.

Baada ya filimbi ya mwisho

Usikimbilie treni. Treni za East Dulwich zipo jioni yote, na dakika kumi za kwanza stesheni itajaa. Mechi ya ligi humalizika kabla ya saa 11 jioni. Ya kombe inaweza kurefuka hadi penalti, basi siku ya kombe usikate tiketi ya treni yenye saa maalumu.

Ingia baa ya klabu, hata kama ni kwa soda au chai. Runinga ya ukutani inaonyesha matokeo ya nchi nzima. Baada ya nusu saa hivi wachezaji hutoka wameoga, wanasalimiana na watu, wengine wako na wake na watoto wao. Ukitaka kumpongeza kipa, mpongeze. Mtoto akitaka picha au sahihi kwenye jarida, mpeleke, ila mchezaji akiwa na chakula mbele yake mngoje amalize. Waulize wazee waliokaa pembeni kuhusu msimu wa 2018, klabu ilipofungiwa nje ya uwanja wake yenyewe kwa mgogoro na kampuni iliyoumiliki, ikahamia kwa majirani zao wa Tooting & Mitcham na kurejea Champion Hill Desemba ile. Watakusimulia vizuri kuliko ninavyoweza.

Kabla ya kutoka uliza mambo mawili kaunta. La kwanza, kama kuna basi la mashabiki kwa mechi za ugenini. Klabu nyingi huliandaa, nauli yake huwa nafuu kuliko treni, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kuiona miji midogo ya kusini ambayo usingeifikia kwa sababu nyingine yoyote. La pili, mechi ya timu ya wanawake. Dulwich wana timu ya wanawake inayocheza Champion Hill hapohapo, kwa kawaida Jumapili, kiingilio kiko chini zaidi na nafasi ya watoto kukimbia ni kubwa. Kwa familia yenye watoto wadogo, ningeanza na hiyo.